Dhahabu Nyekundu: Jinsi Saratani Ilivyoanza Kutafutwa kwa Nuru

Mafundi wa kioo walijua kwamba dhahabu inaweza kuwa nyekundu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kueleza kwa nini. Kikombe kimoja cha Kirumi cha karne ya 4, kilichohifadhiwa katika British Museum mjini London, huonekana cha kijani kikimulikwa kwa nje, na chekundu mwanga ukipita ndani yake. Kinachofanya hivyo ni chembe za dhahabu na fedha zilizotawanyika katika kioo chenyewe, ndogo hata unywele wa binadamu huzizidi unene mara elfu moja. Katika karne ya 17, huko Ujerumani, jina la Andreas Cassius liliambatana na unga wa zambarau uliopatikana kwa kuyeyusha dhahabu katika tindikali kali na kuichanganya na bati. Johann Kunckel, aliyefanya kazi Potsdam chini ya mtawala wa Brandenburg, akatumia dhahabu kutengeneza vyombo vya kioo chekundu vilivyopamba meza za wakubwa. Ilikuwa elimu ya mkono na jicho, na kanuni zake zilitunzwa karakanani kama siri ya ukoo. Lakini jambo lenyewe lilikwisha kuwa mikononi mwao: metali ikigawanyika hadi udogo fulani, rangi yake hubadilika.

Mkondo wa pili wa historia hii ulianzia kitandani kwa mgonjwa, London, mwaka 1845. Madaktari William Macintyre na Thomas Watson walikuwa wakimtibu mwenye duka mmoja wa makamo aliyeteswa na maumivu ya mifupa. Mkojo wake uliwatatiza: ukitiwa tindikali uliganda weupe, ukichemshwa weupe ule uliyeyuka, ukipoa ulirudi. Wakaupeleka kwa Henry Bence Jones, daktari kijana wa Hospitali ya St George's aliyesifika kwa kemia. Mgonjwa alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1846, na mifupa yake ilikutwa laini na dhaifu kupita kiasi. Bence Jones alichapisha uchunguzi wake mwaka 1847 na 1848, akawahimiza wenzake waitafute protini hiyo kwa wagonjwa wengine wa mifupa ya namna ile. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1962 ndipo Gerald Edelman na Joseph Gally waonyeshe kwamba ni vipande vya kingamwili, vinavyomwagwa na seli za uboho zilizogeuka saratani. Kipimo kilikuwa kimetumika zaidi ya miaka 100 bila maelezo hayo. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kiashiria cha kwanza cha saratani, na tangu siku ya kwanza kilisomwa kwa macho: ukungu ndani ya tyubu ya kioo, unaokuja na kuondoka.

Mwaka 1857 Michael Faraday alitoa mbele ya Royal Society mhadhara kuhusu dhahabu na nuru, kutokana na majaribio aliyoyafanya katika Royal Institution, mtaa wa Albemarle. Alianza na jani la dhahabu lililofuliwa hadi likapitisha mwanga. Kisha, kwa kutumia fosforasi kuitenga dhahabu na chumvi yake majini, akapata kimiminika chekundu kama yakuti. Kwa jicho kilikuwa safi kabisa, ila mwali wa nuru uliopitishwa ndani yake uliacha njia inayoonekana, dalili kwamba mlikuwa na vitu vinavyoutawanya. Akatia chumvi kidogo ya kawaida, na wekundu ukageuka buluu. Faraday akahitimisha kwamba dhahabu ilibaki kuwa dhahabu, ila imegawanyika vipande vidogo mno, na kwamba tofauti ya rangi ilitokana na tofauti ya vipande hivyo. Baadhi ya chupa zake zingalipo katika jengo lilelile.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Bence Jones wa mkojo ule alikuwa rafiki wa Faraday na daktari wake. Mwaka 1860 akawa katibu wa Royal Institution, na mwaka 1870, miaka mitatu baada ya Faraday kufariki, akachapisha wasifu wake katika juzuu mbili. Kwa hiyo aliyeiona protini ya saratani ikiganda na aliyeiona dhahabu ikigeuka rangi walipanda ngazi za nyumba moja. Kuunganisha kazi zao kulihitaji kingamwili za kutengenezwa kwa makusudi, na hizo zilikuwa mbali kwa zaidi ya karne.

Mwanzo wa karne ya 20 ulikuwa zama za kueleza. Mwaka 1902 Robert Wood, akiwa Baltimore, aliona katika mwanga uliorudishwa na bamba la metali lenye mifereji myembamba mistari ya giza na nuru ambayo nadharia ya wakati ule haikuimudu. Mjini Jena, Richard Zsigmondy na Henry Siedentopf walitengeneza mwaka 1903 hadubini inayomulika sampuli kutoka ubavuni, hivyo chembe zisizoonekana zikajionyesha kama nukta za nuru, na kuhesabika. Kazi hiyo ilichangia Zsigmondy kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Mwaka 1908 Gustav Mie, wa Chuo Kikuu cha Greifswald, akakokotoa kwa hesabu kile ambacho Faraday alikiona kwa macho. Chembe ya dhahabu ya nanomita 15 au 20 (nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita) hunyonya hasa mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520, na kinachotufikia ni wekundu. Elektroni zake huyumba kwa pamoja, kama maji ya ndoo iliyo kichwani mwa mtu anayetembea: hatua zikilingana na myumbo wa maji, yanamwagika, zisipolingana, yanatulia. Kitu chochote kikinata juu ya chembe hubadili myumbo huo, na chembe zikikaribiana myumbo huungana, rangi ikasogea kuelekea buluu. Vihisi vya dhahabu vilivyokuja baadaye vimejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya mabadiliko hayo mawili.

Kilichobaki ni kuitengeneza dhahabu hiyo kwa uhakika. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake, nchini Marekani, walieleza kwa kina njia ambayo mwanafunzi wa kemia wa leo huifanya asubuhi moja na kumaliza. Maji yenye chumvi kidogo ya dhahabu huchemshwa yakiwa na unjano hafifu. Humiminwa sitrati, chumvi ya asidi ya ndimu. Unjano hupotea. Kwa muda mfupi maji hukaa kama yaliyoharibika, ya kijivu na kisha bluu iliyokolea, halafu wekundu huanza kuingia na kuenea chupa nzima, mpaka yakawa na rangi ya mvinyo. Sitrati huzipa chembe chaji hasi zinazozifanya zisukumane. Chumvi ya Faraday iliua msukumano huo, na ndiyo maana rangi iligeuka.

Wakati wanakemia wakipika dhahabu, madaktari wa miaka ya 1960 waliingia katika zama za viashiria. Mwaka 1963 Garri Abelev, mjini Moscow, aligundua kwamba panya wenye saratani ya ini hurudi kutengeneza protini ya kijusi, AFP. Mwaka 1964 Yuri Tatarinov akaikuta kwa wagonjwa binadamu. Kwa Afrika kusini ya Sahara, ambako homa ya ini aina ya B na sumukuvu katika nafaka vimeifanya saratani ya ini kuwa jambo la kawaida, ugunduzi huo ulikuwa na uzito wa pekee. Mwaka 1965 Phil Gold na Samuel Freedman, mjini Montreal, wakatangaza CEA, protini ya uvimbe wa utumbo mpana. Mwaka 1979 kikundi cha watafiti wa Buffalo, New York, kiliitenga PSA ya tezi dume, na mwaka 1981 Robert Bast na wenzake wa Boston wakaleta CA-125 ya ovari.

Kila tangazo lilipokelewa kama ufunguo, na kila mara mlango ulifunguka nusu. CEA hupanda kwa wavutaji sigara wasio na saratani. AFP hupanda kwa mjamzito na kwa mwenye homa ya ini. PSA hupanda tezi ikivimba au ikiwa na maambukizi. Marekani iliruhusu PSA mwaka 1986 kwa kufuatilia waliokwisha kugunduliwa, na mwaka 1994 kwa kusaidia kugundua. Mwaka 2012 jopo la nchi hiyo linaloshauri kuhusu kinga likapendekeza wanaume wasipimwe kwa jumla, kwa kuwa wengi walikuwa wakitibiwa saratani ambazo hazingewadhuru, na mwaka 2018 likawaachia wenye umri wa miaka 55 hadi 69 waamue pamoja na madaktari wao. Tabia hii ya viashiria, ya kusema kweli nusu, imedumu kupita vyombo vyote vilivyowahi kuvipima.

Vyombo, kwa upande wao, viliboreshwa kwa kasi. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, mjini New York, walitumia kingamwili na mionzi kupima insulini katika damu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann, mjini Stockholm, wakaiondoa mionzi na kuweka kimeng'enya kinachozaa rangi: ndiyo ELISA, ambayo hadi leo maabara nyingi za hospitali huitegemea au hutumia jamaa zake. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, mjini Cambridge, walipata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu bila kikomo. Wazo la kihisi cha kibayolojia lilikwisha kuwepo tangu mwaka 1962, pale Leland Clark na Champ Lyons, wa Birmingham, Alabama, walipofunga kimeng'enya kwenye elektrodi ili kipimo na molekuli hai viwe chombo kimoja. Kwa nuru, njia ilipitia Ujerumani mwaka 1968, ambako Andreas Otto, na kwa upande mwingine Erich Kretschmann na Heinz Raether, walionyesha jinsi ya kuamsha kwa prizimu wimbi la elektroni linalotambaa juu ya utando wa metali. Mwaka 1983 watafiti wa Linköping, Sweden, wakapaka utando huo protini na kusoma zinavyokamatana kwa kuangalia pembe ya nuru inayorudi. Kufikia mwaka 1990 chombo hicho kilikuwa sokoni. Kilikuwa sahihi, kikubwa na ghali, na kimebaki zaidi mikononi mwa watafiti wa dawa.

Ndoa ya dhahabu na kingamwili ilifungwa kimyakimya mwaka 1971, pale Page Faulk na Malcolm Taylor walipozivisha chembe za dhahabu kingamwili ili zionekane katika hadubini ya elektroni. Mwaka 1980 watafiti wa Uholanzi walizitumia kama rangi ya kipimo, na miaka ya 1980 ilipokwisha zilikuwa zikitembea juu ya vipande vya karatasi. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua karatasi hiyo hata kama hajawahi kusikia neno nanoteknolojia. Katika zahanati mhudumu huchoma kidole, huweka tone la damu kwenye kijishimo cha kipimo cha haraka cha malaria, hudondosha dawa ya maji, kisha wote wawili husubiri kama dakika 15 au 20. Damu hutambaa, ikizikumba chembe za dhahabu zilizokaushwa njiani na kuzibeba. Mstari wa kwanza ukitokea, kipimo ni kizima. Wa pili ukitokea, malaria ipo. Katika vipimo vingi wekundu wa mistari hiyo ni dhahabu ya Faraday. Shirika la Afya Duniani lilipotaka mwaka 2010 kila homa inayodhaniwa kuwa malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya dawa, karatasi hizo zilienea vijijini kuliko chombo kingine chochote cha nano.

Swali linalofuata ni kwa nini karatasi ya namna hiyo haikuiteka saratani vilevile, na jibu, kwa maoni yangu, limo katika kile kinachotafutwa zaidi ya chombo. Vipimo vingi vya malaria hutafuta protini ya kimelea ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa. Ikiwepo, mgeni yupo au ameondoka juzi. Saratani ni mwenyeji. Protini zake ni za mwili wenyewe, zimezidi tu, au zimetokea mahali na wakati usio wake. Mstari wa ndiyo au hapana hautoshi. Inabidi kupima kiasi, na kukipima ndani ya damu iliyojaa mengine. Kiwango cha PSA kilichozoeleka kuwatia madaktari wasiwasi ni nanogramu 4 kwa mililita. Mililita hiyo ya majimaji ya damu ina takriban miligramu 70 za protini, yaani kwa kila gramu moja ya PSA kuna gramu zaidi ya milioni 17 za protini nyingine.

Zama zilizofuata ziliamini kwamba ukali wa chombo ungemaliza tatizo hilo. Mwaka 1996 Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walifunga nyuzi za DNA kwenye chembe za dhahabu. DNA iliyotafutwa ikiwepo, chembe zilivutana na wekundu ukageuka zambarau. Mwaka 1998 makundi mawili ya Marekani yakatumia nukta za kwanta, fuwele zinazong'aa rangi kulingana na ukubwa wake, kutia alama seli. Waasisi wa fuwele hizo, Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, ingawa kadimiamu iliyomo katika nyingi ya nukta hizo imezifanya ziogopwe mwilini. Serikali ya Marekani ilitangaza mpango wa taifa wa nanoteknolojia mwaka 2000, na fedha zikafuata. Mwaka 2003 kundi la Mirkin lilipima PSA kwa kiasi kidogo mara milioni kuliko vilivyoweza vipimo vya kawaida. Mwaka 2005 Mostafa El-Sayed, mzaliwa wa Misri aliyefundisha Atlanta, alionyesha pamoja na wenzake, akiwemo mwanawe daktari, kwamba chembe za dhahabu zenye kingamwili hung'ang'ania seli za saratani ya kinywa kwa nguvu kuliko seli zenye afya, hata zikang'aa chini ya hadubini ya kawaida ya maabara. Na mwaka 2012 Roberto de la Rica na Molly Stevens, wa Imperial College London, waliunganisha ELISA na dhahabu ili matokeo yasomwe bila mashine: PSA ikiwepo, hata kwa kiasi kisichofikiwa na kipimo cha kawaida, kijishimo cha kipimo huwa buluu, isipokuwepo, chekundu.

Damu halisi ilileta pingamizi lake. Mwaka 2007 watafiti wa Dublin na Lund, miongoni mwa wengine, walieleza jinsi chembe yoyote inayoingia katika majimaji ya damu inavyovikwa mara moja tabaka la protini zilizopo, na kingamwili zake zikafunikwa. Vihisi vingi vilivyosifiwa katika maji safi ya maabara vilidhoofika hapo. Hata pale ukali ulipodumu, haukuwa na faida sawa kila mahali. Kundi la Northwestern lilionyesha mwaka 2009 matumizi yanayoeleweka: mwanaume aliyekwisha kuondolewa tezi dume hapaswi kuwa na PSA, hivyo hata chembechembe yake ikipanda ina maana. Kwa mwanaume mwenye tezi, ukali uleule hauongezi maarifa mengi.

Mfano ulio karibu nasi unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Saratani ya Kaposi, iliyotesa Uganda na majirani zake zaidi baada ya UKIMWI, husababishwa na kirusi kilichotambuliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Hapa mgeni yupo, na anaweza kutafutwa kama kimelea cha malaria. Mwaka 2013 watafiti wa Cornell walitumia chembe za dhahabu na za fedha, kila moja na rangi yake, kutenganisha DNA ya kirusi hicho na ya bakteria anayesababisha vidonda vinavyofanana na vya Kaposi. Baadaye kundi hilo liliiacha dhahabu na kushika mng'ao wa kemikali, ndani ya kifaa kinachopata joto kwa jua, kwa moto au kwa umeme, kwa kuwa lilizingatia kliniki ambako umeme hukatika. Lilikijaribu Uganda kwa vinyama vya wagonjwa 71, na mwaka 2018 likachapisha kwamba matokeo yalilingana na ya maabara kuu kwa asilimia 94. Vifaa vya namna hii havitajwi sana katika sifa za nanoteknolojia, lakini naona vilijifunza zaidi kutoka zahanati kuliko vingi vilivyovitangulia.

Kwa saratani zisizo na mgeni, kazi imehamia kwenye mwili mzima. Mwaka 2018 Daniel Heller na wenzake wa New York waliweka ndani ya panya nanotyubu za kaboni zinazong'aa kwa mwanga usioonekana na jicho, zikatoa habari ya kiashiria cha saratani ya ovari kiitwacho HE4 kupitia ngozi. Mwaka 2019 kundi la Stevens na la Sangeeta Bhatia wa MIT walichoma panya sindano ya vichembe vya dhahabu vya chini ya nanomita 2, vilivyofungwa kwa minyororo ambayo vimeng'enya vya uvimbe huikata. Vikifunguliwa, hupita figoni. Mkojo wa panya wagonjwa, ukitiwa kemikali, uligeuka buluu ndani ya saa moja.

Mwaka 2022 watafiti wa kundi la Heller waliacha kutafuta protini moja. Waliweka majimaji ya damu ya wanawake kwenye seti ya nanotyubu tofauti, wakaacha kompyuta ijifunze namna mng'ao wa zote unavyobadilika, na wakatambua asilimia 87 ya saratani za ovari huku asilimia 98 ya wasio nayo wakisomwa sawasawa. Ni matokeo mazuri kuliko ya CA-125 ikisaidiwa na picha ya mawimbi ya sauti. Lakini tuchukue wanawake 100,000 waliokoma hedhi, tuseme 40 kati yao wana ugonjwa huo. Kipimo hicho kingewapata 35, na kingewashtua takriban 2,000 wengine bila sababu, wengi wakielekezwa kwenye uchunguzi wa kina na baadhi kwenye upasuaji. Na mwaka mmoja kabla yake, 2021, Uingereza ilikuwa imetangaza matokeo ya jaribio lililofuatilia wanawake zaidi ya 200,000 walioandikishwa kati ya 2001 na 2005. CA-125 iliyopimwa kila mwaka iligundua saratani nyingi zaidi zikiwa katika hatua za mwanzo, ila idadi ya waliokufa kwa saratani ya ovari haikupungua kwa kiwango chenye maana kitakwimu. Vihisi vya nano vinavyotengenezwa sasa vinaingia katika tiba inayoyajua matokeo hayo, na wanaovitengeneza huulizwa, kabla ya swali la ukali, ni mgonjwa gani atakayetibiwa tofauti baada ya rangi kugeuka.